Vitabu vya katuni nilivyowanunulia watoto: cha kuanza nacho, na kile cha kuweka juu ya kabati

Wazazi wenzangu, kama una mtoto ukimpa kitabu anakuangalia kana kwamba umempa dawa ya minyoo, jaribu hizi riwaya za picha. Sisemi zile katuni za gazetini za visanduku vitatu, hapana, hizi ni hadithi nzima mwanzo mpaka mwisho, nyingine kurasa mia mbili na zaidi, ila imechorwa. Mimi nyumbani nina msichana wa gredi ya tano na kaka yake yuko sekondari, halafu likizo mtoto wa dada yangu huja, so haya nayoandika ni vile nimewaona wenyewe wakivisoma na si maneno ya nyuma ya jalada.

Kama pesa iko ya kimoja tu, chukua When Stars Are Scattered, kilitoka 2020. Ni maisha ya Omar Mohamed mwenyewe, alikulia kambini Dadaab na mdogo wake Hassan baada ya kukimbia vita Somalia, akasimulia pamoja na Victoria Jamieson ambaye ndiye mchoraji. Sasa Dadaab sisi tumeisikia kwenye taarifa ya habari miaka na miaka, kambi zilianza 1991, lakini kwenye TV unaonyeshwa mahema na foleni basi wanahamia michezo. Humu unamwona mtoto anapanga foleni ya maji, watoto wanapiga mpira wa mifuko ya plastiki, na ile shida inayomkosesha Omar raha, kwamba nikienda shule Hassan anabaki na nani, maana Hassan anashikwa na kifafa na neno lake karibu ni moja tu, hooyo, yaani mama. Msichana wangu alifika hapo akaja jikoni na kitabu mkononi, "Mama, hii Dadaab si ni hapa kwetu Kenya?" Tukakaa chini tukaongea mpaka ugali ukapoa. Ila jiandae, kuna msichana wa shule anaozwa humo ndani na lazima utaulizwa kwa nini. Miaka tisa mpaka kumi na tatu hivi kinafaa kabisa, na hata mimi mtu mzima nilikimaliza.

Kwa wadogo zaidi kuna Akissi, wa Marguerite Abouet, michoro ya Mathieu Sapin. Huyu Akissi ni kitoto cha Abidjan, kule Ivory Coast, kitundu balaa, ana tumbili wake Boubou ambaye nusura aishie kwenye kikaango, paka wa jirani wanamfukuzia samaki aliyetumwa kupeleka, kaka yake Fofana hataki hata kumwona. Vichekesho vyake ni vya mtaani, utafikiri ni watoto wa plot yenu. Lakini shikeni hili vizuri: mwandishi huyohuyo ana Aya, nayo ni Abidjan pia, miaka ya 1970 mwishoni, na HIYO si ya watoto. Ni wasichana wa miaka kumi na tisa, wanaume, disko za usiku, mimba. Kizuri sana, mimi nakipenda kuliko vyote, lakini duka moja liliniletea hicho nilipoagiza Akissi na muuzaji bado ananiambia "si ni katuni tu, madam, zote ni za watoto". Zote wapi!

Kijana wa sekondari nilimpa New Kid ya Jerry Craft, kuhusu Jordan, mtoto mweusi wa New York anayepelekwa shule ya kibinafsi ya matajiri, weupe karibu wote. 2020 ilishinda Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, riwaya ya picha ya kwanza kupata hiyo tuzo tangu ianze 1922. Alicheka sana pale mwalimu anawachanganya majina wanafunzi weusi. Ila vichwa vya sura vinatania filamu za Marekani, kama hujaziona utani mwingine unakupita hivi hivi, binamu yake aliishia kati.

Na tafadhali msiwasomeshe kwa simu. Ukurasa mzima ukibanwa kwa skrini maneno yanakuwa madogo, mtoto anavuta huku anavuta kule, mchoro anaukosa, na mchoro ndio nusu ya hadithi. Wale wanaosema huku ni kusoma kwa uvivu, mpe mtoto ukurasa usio na neno hata moja halafu mwambie akusimulie kumetokea nini, utasikia.

Persepolis ya Marjane Satrapi, Iran na mapinduzi ya 1979, nyeusi na nyeupe, hiyo ngoja mpaka fomu tatu, kuna mateso ya wafungwa humo yamechorwa bila kufichwa. Yetu niliiweka juu ya kabati. Juzi nimeikuta chini ya mto wa kijana, ameshafika nusu.