Chati mbili za usafirishaji wa vitu katika viumbe hai: mmea umepatiwa, moyo umekosewa

Chati hizi za ukutani, moja ya mmea na nyingine ya mwili wa binadamu, zinauzwa pamoja kwa shilingi 24,000 katika duka moja la vifaa vya shule jirani na Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Zimechapishwa kwenye plastiki laini, jambo lenye faida kubwa kwa darasa letu lililo karibu na ziwa, ambamo unyevu wa masika hukunja karatasi ya kawaida kabla muhula haujaisha.

Chati ya mmea imetengenezwa na mtu anayelijua somo. Mashina ya mharagwe na mhindi yamechorwa yakiwa yamekatwa kwa upana, hivyo mwanafunzi anaona mara moja kwamba mafungu ya mirija yamejipanga kwa duara kwenye mharagwe na yametawanyika kwenye mhindi. La kupongeza zaidi ni mishale: ya zailemu, yaani mirija ya maji, inapanda kutoka mizizini, ilhali ya floemu, yaani mirija ya sukari, inaelekea juu na chini, kwa kuwa sukari iliyotengenezwa kwenye majani hupelekwa popote inapohitajika, iwe ni kwenye mizizi au kwenye tunda linalokua. Stomata, yaani vitundu vidogo vya majani, nazo zimeoneshwa zikitoa mvuke, kwa hiyo ni rahisi kueleza kwamba mmea hauna moyo wa kusukuma maji, bali maji huvutwa kwenda juu kadiri majani yanavyopoteza mvuke. Nilitumbukiza vikonyo vya mchicha kwenye glasi ya maji yenye wino mwekundu chini ya chati hiyo, na kufikia kipindi cha mwisho mishipa ya majani ilikuwa imegeuka myekundu, wanafunzi wakiifuatisha kwa kidole hadi ukingoni mwa jani.

Chati ya binadamu inasikitisha. Mchoraji amekariri kwamba ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ni nyekundu na vena (inayoirudisha moyoni) ni za buluu, akapaka ateri ya mapafu rangi nyekundu, wakati hiyo ndiyo inayopeleka mapafuni damu yenye oksijeni kidogo kutoka ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia. Vena za mapafu, zinazorudisha damu yenye oksijeni nyingi, ameziacha na buluu. Kuta za ventrikali zote mbili zina unene uleule, ingawa ya kushoto, inayosukuma damu mwili mzima, inapaswa kuwa nene zaidi. Maelezo kuhusu William Harvey, daktari Mwingereza aliyechapisha mwaka 1628 kitabu kuhusu mzunguko wa damu, ni sahihi, ila herufi zake hazisomeki hata kutoka dawati la mbele.

Muuzaji, nilipomweleza, alijibu kwa adabu kwamba hauzi mojamoja. Chati ya mmea peke yake inastahili bei hiyo. Ile ya moyo nimeibandika vipande vya karatasi za rangi kwenye mishipa ya mapafu, kisha nikaitundika hivyo hivyo.