Multimita ya elfu 20 na taa za dashibodi zilizokuwa zinapepesa

Kama una gari la mtumba na huna multimita, yaani kifaa kidogo cha kupimia umeme, nunua. Yangu nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 20,000, zile ndogo za njano aina ya DT830 zinazouzwa kwa majina chungu nzima. Imeshanirudishia hela yake yote na chenji juu.

Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa usiku. Nikiwa kwenye foleni, injini inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, taa za dashibodi zinapepesa. Nikiwasha kiyoyozi zinazidi, nikipita kwenye tuta zinafifia kabisa halafu zinarudi. Fundi wa kwanza aliyeliona alifungua boneti, akatazama kidogo, akasema, "Bosi, alternata imekufa hiyo, tutafute nyingine." Hakupima chochote. Alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri, hata iwe ya mtumba, si hela ya mchezo, na bado hujalipa ufundi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kabla hujashika kifaa chochote, angalia ni taa zipi zinapepesa. Kama ni za dashibodi peke yake na taa kubwa zimetulia, anza na kile kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza mwanga wa dashibodi. Kizungushe huku na huku; kikiwa kimechoka, mwanga utarukaruka pale pale. Kwangu taa za mbele nazo zilikuwa zinafifia pamoja na dashibodi, hivyo nikajua shida iko kwenye umeme wa gari zima.

Nikaweka multimita kwenye volti 20 za DC, yaani umeme wa aina ya betri. Injini ikiwa imezimwa tangu jana yake, betri ilisoma 12.5. Iliyojaa vizuri husoma kama 12.6, na ikishuka hadi 12.2 ujue imebaki karibu nusu. Nikawasha gari: 14.2. Alternata nzima husoma kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Nikawasha taa kubwa, feni ya kiyoyozi na kipangusa kioo vyote kwa pamoja, ikashuka hadi 13.9 ikatulia hapo. Alternata iliyoambiwa imekufa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu.

Ikabaki njia ya umeme kurudi kwenye betri, yaani waya wa ethi. Kipimo hiki mafundi wengi wa mtaani hawakifanyi, na ndicho kilichonipa jibu. Injini inaunguruma, taa zote zimewaka, nikageuza swichi hadi milivolti 2000 (milivolti 1000 ni volti moja). Ncha nyeusi nikaiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma cha injini: ikasoma kidogo sana. Nikaihamishia nyekundu kwenye bodi ya gari, kwenye boliti isiyo na rangi. Namba zikaanza kurukaruka, 600, 850, zaidi ya 1000. Nikautikisa kwa mkono waya mweusi unaotoka betri kwenda kwenye bodi, na mwanga wa dashibodi ukacheza nao. Kipimo hicho kikizidi milivolti 200, waya una kasoro. Mimi nilikuwa napoteza karibu volti moja nzima njiani.

Nikazima gari, nikachomoa kichwa cha hasi kwanza, kisha nikafungua boliti ya ethi kwa spana namba 10. Chini ya ile pete ya waya kulikuwa na kutu nyekundu iliyokula hadi kwenye bodi. Nikasugua kwa msasa pande zote mbili hadi chuma kikang'aa, nikafunga kwa nguvu, nikapaka grisi juu kuzuia maji. Nikapima tena: milivolti 30. Taa zimetulia tangu siku hiyo, kiyoyozi kiwake kisiwake.

Kuna jambo nawaomba sana. Ukimwona fundi anataka kuchomoa kichwa cha betri huku injini inaunguruma, eti ajue kama alternata inachaji, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza volti kwenye mfumo. Ukiitoa ghafla, volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza kompyuta ya gari. Volti zinasomeka kwa sekunde chache kwa multimita, hakuna haja ya kuhatarisha gari la watu.

Sasa kasoro za kifaa chenyewe. Nyaya zake ni fupi na ngumu, nimelazimika kuinama sana. Upande wa AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kama wa nyumbani, kinaanzia volti 200, kwa hiyo hakifai kukamata yale mawimbi madogo yanayotokea diodi za alternata (vile vipande vinavyogeuza umeme wake kuwa DC) zikianza kufa. Hapo utahitaji multimita bora zaidi. Tundu la ampea 10, lile la kupimia mkondo mkubwa wa umeme, kwenye yangu limeandikwa wazi kwamba halina fyuzi. Ukisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo kisha ukagusa vichwa vya betri kupima volti, umepiga shoti moja kwa moja. Chunguza waya uko tundu gani kila unapokishika.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Wakati wa kununua, mwombe muuzaji aijaribu kwenye betri yoyote mbele yako, na ukague betri yake ya ndani ya volti 9, maana ikiishiwa nguvu inaanza kudanganya namba.