Miezi 14 ya mazoezi tiba na mwanangu mwenye mtindio wa ubongo, hapa Mbeya

Mwanangu alizaliwa amechoka. Hakulia mpaka walipomsaidia kupumua, tukakaa wodini siku 11. Alipofikisha miezi tisa shingo ilikuwa haijakaza, ngumi zimefungwa na kidole gumba kimejificha ndani, na kila nikimbadilisha nepi miguu inapishana kama mkasi. Jina la tatizo, mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalovuruga misuli na mwendo wa mwili, nililisikia akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Naandika haya kwa ajili ya mzazi wa Uyole, Tukuyu au Chunya aliyeambiwa "mpeleke mazoezi" na hajui akifika huko atakutana na nini.

Mahali pa kwanza tulipokwenda sipataji. Nilikuwa namkabidhi mtoto, nakaa kwenye benchi nje, naye analia dakika 20 mfululizo wakimnyoosha miguu. Narudishiwa, nalipa, naondoka. Miezi mitatu hivyo hivyo. Ikafika hatua akiona koti jeupe tu anakakamaa mwili mzima, wakati tulimpeleka ili misuli hiyo hiyo ilegee. Nyumbani sikumfanyia chochote, kwa sababu hakuna aliyenionyesha, nami nilidhani kazi ni yao.

Tunakokwenda sasa ni chumba kimoja tu mjini. Siku ya kwanza dada wa mazoezi hakumgusa mtoto karibu nusu saa nzima. Aliniuliza mimi. Mama, analalaje? Anakula akiwa amekaaje? Nani anashinda naye? Ukienda shamba unamwacha wapi? Halafu akaniuliza ni kitu gani kimoja ambacho akikiweza nitafurahi. Nikasema akae, anywe uji bila kupaliwa. Akaandika. Hilo ndilo likawa zoezi letu kwa miezi minne.

Alinieleza kwamba jeraha la ubongo haliongezeki, ila mazoezi hayalifuti. Kinachozidi kuharibika mtoto akiachwa ni misuli kufupika, viungo kuganda, hata nyonga kuchomoka taratibu. Akasema pia kuwa kumvutavuta mtoto amelala hakumfundishi mwili wake kufanya kazi. Anajifunza pale yeye mwenyewe anapokitaka kitu na kujaribu kukifikia, tena na tena, kila siku. Baadaye nilisoma kuhusu mapitio ya tafiti ya Iona Novak na wenzake wa Australia, ya mwaka 2013 na yale ya 2020, nikakuta ndicho alichokuwa akiniambia.

Kwa hiyo mazoezi yakahamia jikoni kwangu. Nilikuwa nimeacha kumbeba mgongoni nikidhani namuumiza. Dada akanirudisha kwenye mbeleko: miguu itanuliwe, mmoja huku, mwingine huku, imekumbatia kiuno changu. Nikienda gengeni na kurudi, misuli ya ndani ya mapaja imenyooka na mtoto hajalia, anaangalia watu. Kula nako tukabadilisha. Zamani nilimlaza mapajani kichwa kimeenda nyuma, ndiyo maana alikuwa anapaliwa. Sasa anakaa, kidevu kimeinama kidogo, nyayo zote zimekanyaga chini, nami niko mbele yake usawa wa macho, kijiko kinatokea chini. Uji mzito kidogo, si maji maji. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Wiki ya tatu kikohozi cha kila mlo kilikuwa kimepungua sana, na kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kulipia nauli zote.

Bibi yake, aliyeko Rungwe, alitaka tumchimbie shimo asimamishwe humo mpaka kiunoni, kama walivyofanya zamani. Niliogopa kumwambia dada, nikijua atafoka. Hakufoka. Alisema bibi ana haki ya kutaka mtoto asimame, kwa sababu kusimama kunasaidia mifupa na nyonga, lakini ndani ya shimo hujui nyayo zimekaaje wala magoti yamepinda vipi. Akachora kwenye karatasi, nikaipeleka kwa fundi seremala wa Mwanjelwa, akatengeneza fremu ya mbao yenye mikanda kifuani, kwenye nyonga na magotini. Shilingi 60,000. Kiti chake chenye kibao cha mbele kilikuwa 45,000. Bibi alipokuja na kumwona mjukuu amesimama anachezea maharage kwenye sinia, alinyamaza, kisha akaenda kumletea mengine.

Jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kukuambia ni baridi yetu. Juni na Julai mwanangu anakaza kuliko miezi mingine. Tunamwogesha maji ya moto ya wastani kwanza, tunamvisha soksi, ndipo tunaanza. Asubuhi sana tumeacha kabisa.

Kasoro zipo. Chumba kiko ghorofani na hakuna lifti, kwa huduma ya watoto wasiotembea, na hilo linaniudhi kila Jumatano. Mtaalamu ni mmoja, alipokwenda likizo tulikaa wiki tano bila mtu. Shilingi 15,000 kwa kila kliniki, ukiongeza daladala kwenda na kurudi, ni mzigo kwa mama anayeuza viazi. Niliposema ukweli huo hatukufukuzwa: tukatoka mara moja kwa wiki hadi mara mbili kwa mwezi, nikawa narekodi video za nyumbani kwa simu, yeye anazitazama na kunirekebisha.

Leo ana miaka mitatu na miezi minne. Anakaa kwenye kigoda bila kushikwa mpaka kikombe cha uji kiishe. Hatembei. Katika ngazi tano wanazotumia kupima uwezo wa mtoto kujongea, wamemweka ya nne, na dada aliniambia bila kuzunguka kwamba huenda akahitaji kiti cha magurudumu. Nililia kwenye ngazi za jengo siku hiyo. Lakini ni afadhali hivyo kuliko kule walikoniahidi kuwa akifika miaka miwili atakimbia.

Mkienda, mtoto awe amekula saa moja kabla, asiwe na njaa wala usingizi. Bebeni kanga mbili, moja ya kukunja iwe mto chini ya kifua. Chukueni na mtu mnayeishi naye, kaka, shangazi, yeyote, ili mikono iliyofundishwa isiwe ya mama peke yake. Na kama ana kifafa, semeni siku ya kwanza, dawa zake mkononi.