"Ndugu mteja, safisha reli zako": uzoefu wangu na injini ndogo ya mvuke

Nimeshazisafisha. Nimezisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kikapita mzunguko mzima na kurudi cheupe kama kilivyoondoka. Nimezisafisha usiku wa manane, nimezisafisha asubuhi kabla sijanawa uso. Kama kuna reli safi kuliko zangu, basi bado ziko kwenye boksi. Kwa hiyo wewe unayetaka kunishauri nisafishe reli, nakuomba kwa heshima zote, pita zako tu.

Nilinunua injini ya mvuke, modeli ya 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli, nayo hutembea kwa umeme), aina ya Mikado: magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa ya kusukuma, mawili nyuma, na behewa lake la makaa na maji. Jina hilo lilitokana na injini ambazo kiwanda cha Baldwin cha Marekani kiliijengea reli ya Japani mwaka 1897, na tangu nilipoisoma habari hiyo nikiwa kijana nilijiapiza kwamba siku moja nitakuwa na Mikado yangu, hata kama ni ya mezani. Mambo ya urefu, uzito na idadi ya sauti za firimbi yameandikwa kwenye boksi, someni huko. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe ni ekseli ya tatu, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kulia na mwenzake wa kushoto.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa. Usiku wa kwanza ulikuwa wa ajabu. Nina mlima wa povu gumu na plasta, handaki linaloupasua katikati, daraja la nguzo juu ya mto wa resini, na msitu wa miti ya waya niliyoisokota mmoja mmoja. Kazi hiyo ilinichukua miaka miwili hivi. Mke wangu anasema mitatu. Nilizima taa ya chumba, nikaacha vile vitaa vidogo vya stesheni, nikafungulia umeme kidogo sana. Injini ikavuta pumzi. Injini ya silinda mbili hupiga mapigo manne kila magurudumu yake makubwa yanapozunguka mara moja, kwa sababu kila silinda hutoa mvuke pistoni yake ikienda na hutoa tena ikirudi. Hii ilikuwa inayapiga yote manne, moja moja, bila haraka, kama mzee anayepanda ngazi akijua hakuna wa kumkimbiza. Fito za pembeni zinapanda na kushuka, mikono midogo ya valvu inacheza juu yake, mwanga wa taa ya mbele unatambaa kwenye kuta za mlima. Ilipofika darajani koo lilinikaba, na sioni aibu kulisema hilo. Ningeulizwa dakika ile, ningetoa nyota kumi.

Binti yangu akasema, "Baba, mbona inachechemea?"

Nikamwambia haichechemei, ndivyo injini za mvuke zinavyotembea. Akanyamaza, lakini kwa ule unyamavu wa mtoto ambaye hajakubali. Nikainama mpaka macho yakawa usawa wa reli.

Ilikuwa inachechemea. Pafu, pafu, pafu, pafu, halafu kishtuko, kama mtu aliyekanyaga mwiba akaona aibu kulia. Pafu, pafu, pafu, pafu, kishtuko. Ukiongeza kasi hukioni, kwa sababu injini inabebwa na mwendo wake. Ukipunguza, kinarudi. Na nani ananunua injini ya mvuke ili aikimbize? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na hizi za mezani ndizo kabisa, maana ukingo wenyewe una urefu wa mita moja kwenda chini.

Siku chache baadaye, nikiwa nimeifungia mabehewa sita, ilifika kwenye mwinuko wa handakini ikasimama kabisa. Mwinuko wenyewe ni wa asilimia mbili, si wa kumtisha mtu. Na bila shaka ingesimama handakini, isimame wapi tena? Kibaya zaidi, sauti inatoka kwenye chipu, na chipu haikuwa na habari. Kwa hiyo treni imekwama tuli, na tumboni mwa mlima nasikia pafu, pafu, pafu, kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. (Anayejenga mlima leo: weka mlango nyuma. Mimi niliacha tundu la kupitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikajiona fundi. Mpaka leo nina alama ya plasta kwenye kiwiko hicho.)

Nikawaandikia wauzaji, kitengo chao cha huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu. Jibu likaja: "Ndugu mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Tatizo lako limesababishwa na uchafu. Tafadhali safisha reli zako."

Haya. Nitasema ukweli, hata mimi ningeulizwa na mgeni wa mambo haya ningeanza na jibu hilohilo. Umeme wa treni hizi unapita kwenye reli, unaingia kwenye magurudumu, unafika kwenye mota. Pakiwa na utando mweusi hapo katikati, injini inasitasita. Reli zenyewe ni za ile metali inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo haina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki, nazo huchafuka. Kwa hiyo sikukasirika. Nilisafisha reli, nikasafisha magurudumu, nikasafisha hata kipande cha maegesho ambacho injini hiyo haijawahi kukanyaga.

Ikachechemea.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikafikiri, jambo ambalo inaonekana upande wa pili hawakuwa na muda nalo. Uchafu una anwani. Reli ikiwa chafu karibu na daraja, injini itasitasita karibu na daraja, leo na kesho. Kishtuko changu hakikuwa na anwani. Kilikuwa kinasafiri. Nikaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye gurudumu moja la kusukuma, nikaiendesha polepole nikiwa nimepiga magoti. Kila nukta ilipofika juu, kishtuko. Darajani, nukta juu, kishtuko. Stesheni, nukta juu, kishtuko. Nikaandika barua pepe ya pili, ndefu, yenye mantiki, ningeweza kuisoma mbele ya hakimu.

"Ndugu mteja, safisha reli zako. Ukitumia msasa laini utapata matokeo bora zaidi."

Msasa! Jamani, msasa! Mtu anayelipwa kuhudumia wateja wa treni ndogo anamwambia mteja apige reli msasa. Msasa unachimba mifereji midogo juu ya reli, mifereji inakamata uchafu, na wiki ijayo una reli chafu kuliko ulizoanza nazo, tena sasa hazisafishiki. Bora angesema nitumie mate. Na namshukuru Mungu hakufikia kwenye pamba ya chuma, maana ile huacha nyuzi, nyuzi zinavutwa na sumaku ya mota, na hapo unaizika injini rasmi. Nilisimama katikati ya chumba nikiwa na simu mkononi nikisema peke yangu, "Msasa. Msasa." Mke wangu akaja kuchungulia.

Basi nikafanya jaribio ambalo nilidhani litamaliza ubishi. Niligeuza injini miguu juu, nikailaza kwenye kitanda cha sponji, nikachukua waya mbili kutoka kwenye kidhibiti nikazigusisha moja kwa moja kwenye magurudumu. Hakuna reli. Reli ziko mezani, injini iko kwenye sponji, katikati yao kuna hewa tupu. Magurudumu yakazunguka angani, na yakachechemea angani, nukta juu, kishtuko, nukta juu, kishtuko. Nikarekodi video. Binti yangu alishika simu, na mwishoni anasikika akisema "imefanya tena."

Nikaituma. Nikangoja. Sijui ni wiki moja au mbili, ila nilikuwa nafungua barua pepe kila nikiamka kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Ndugu mteja, asante kwa video yako nzuri. Tumeipitia kwa makini. Tafadhali safisha reli zako."

Reli zipi? Nauliza, reli zipi?

Hiki ndicho kiini cha malalamiko yangu, na ndiyo maana niliandika hapa kwa mara ya kwanza nikatoa nyota moja, kwa kuwa sifuri haikubaliki. Kitu kuharibika si ajabu, mashine ni mashine. Mtu kuipitia video "kwa makini" na asione kwamba ndani yake hakuna reli, hilo siwezi kulimeza. Na hilo neno "ndugu". Mimi nina ndugu zangu, tunagombana, lakini hakuna hata mmoja ambaye angenijibu hivyo mara tatu.

Nikafungua mwenyewe. Kwa wasiojua, magurudumu ya kulia na ya kushoto ya injini ya mvuke hayakai sawa. Pini ya upande mmoja, ile inayoshika fito kwenye gurudumu, imetangulia ya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, digrii 90, na katika injini kubwa kabisa ni hivyohivyo. Sababu ni kwamba pistoni ya upande mmoja ikifika mwisho wa safari yake, mahali ambapo haina nguvu ya kusukuma, ya upande wa pili iko katikati ya kazi. Zingekuwa sawa, ungeweza kusimamisha treni ukashindwa kuiondoa tena. Sasa ekseli zote nne zimefungwa pamoja na fito. Ekseli moja ikipoteza robo yake, hata kwa digrii chache, fito zinaanza kuvutana, na kila mzunguko kuna mahali zinabana. Kishtuko.

Nilivua pini za fito kwa spana ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, nikaziangusha mbili kwenye zulia, nikatumia saa nzima kuzitafuta nikiwa nimelala kifudifudi na tochi. Nikachungulia spoki za gurudumu moja nikilinganisha na spoki za mwenzake wa upande wa pili, ekseli kwa ekseli. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, hata bila lenzi, imepinda kama kofia ya mlevi. Gurudumu lilikuwa limezunguka kidogo kwenye ekseli yake. Nikalishika na kitambaa, nikalirudisha unywele mmoja, nikafunga fito, nikajaribu, bado. Nikafungua tena. Mara ya nne au ya tano fito zikateleza zenyewe nilipoinamisha injini, bila kuguswa. Tone la gundi ya vyuma kwenye ekseli, nikaiacha ilale usiku kucha.

Sasa sikilizeni. Kesho yake niliiweka relini, zilezile reli, na ikapanda mwinuko wa handaki ikiwa na mabehewa manane, polepole mpaka ningeweza kuhesabu spoki. Mapigo manne, manne, manne. Ikatokea upande wa pili na taa yake, ikapita juu ya mto, na nikasahau hasira zote. Nikafuta ile nyota moja nikaweka tano. Ni kweli, niliweka tano.

Kisha nikafanya kosa la kuwaandikia wauzaji kwamba nimeipata, ni ekseli ya tatu, wawaambie mafundi wao waangalie nyingine zilizobaki kwenye ghala. Nilidhani watashukuru.

"Ndugu mteja, kwa kufungua bidhaa mwenyewe umepoteza dhamana yako."

Nyota moja.

Hapo nilikuwa nimemaliza kuandika. Lakini jana binti yangu alikuwa amekaa karibu wakati nasoma haya kwa sauti, na kuna jambo lazima niliongeze. Mota ya injini hizi inazungusha parafujo ndogo, na parafujo ndiyo inayozungusha gia ya ekseli. Parafujo inaweza kuizungusha gia, gia haiwezi kuizungusha parafujo. Maana yake ni kwamba ukiisukuma injini kwa mkono, magurudumu hayawezi kuzunguka vizuri. Kitu lazima kiteleze, na kikiteleza vibaya ni gurudumu juu ya ekseli. Nalijua hilo. Niliisukuma ilipokwama handakini, nikiwa na mkono hadi kwenye kiwiko, ningefanya nini? Lakini hiyo ilikuwa baada ya kuchechemea kuanza, kwa hiyo haihesabiki.

Binti yangu anasema hapana. Anasema siku ile tulipoitoa kwenye boksi, kabla ya kuunganisha umeme, niliiweka relini nikaisukuma mbele na nyuma mara kadhaa ili fito zicheze, nikamwambia, "Ona, mwanangu, ona inavyotembea."

Sikumbuki. Inawezekana.

Nyota tatu, basi. Injini ni nzuri, hilo silibadilishi tena, na hivi sasa ninapoandika iko ndani ya mlima naisikia. Ekseli huenda ni wao, huenda ni mimi. Lakini reli zilikuwa safi.