Dukani inawaka, nyumbani inagoma

Nimeandika nyota moja, nikafuta, nikaweka mbili. Huenda nikimaliza kuandika zitakuwa zimerudi kuwa moja.

Huduma yenyewe ni kuwekewa Windows 11 kwenye Dell Latitude yenye Core i5 ya kizazi cha 4, zile zilizotumika maofisini Ulaya kisha zikajaa Kampala. Microsoft haiitaki mashine hii. Inadai kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na hii ina TPM 1.2. Duka silitaji. Sharti hilo walilikwepa kwa flashi iliyoandaliwa kwa programu ya Rufus, diski wakaipanga mafungu kwa mtindo mpya wa GPT, wakawasha UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, na SATA, yaani jinsi mashine inavyozungumza na diski, wakaitoa RAID On wakaiweka AHCI. Kazi safi, na Windows inakwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Inapokubali kuwaka.

Maana ukiitoa dukani ukafika nayo nyumbani Ntinda, unakutana na skrini ya buluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nilipoirudisha mara ya kwanza fundi hakupima chochote. "Diski imekufa." Nikauziwa SSD mpya, Windows ikawekwa upya. Siku chache baadaye umeme ukakatika usiku, na asubuhi buluu ni ileile. Mara ya pili akabonyeza F2 kuingia BIOS, mipangilio ya mashine inayosomwa kabla ya Windows, akafungua SATA Operation, akakuta RAID On, akarudisha AHCI, ikawaka. Kisha akasema mbele ya wateja wengine: "Ssebo, ni wewe umegusa BIOS. Usiguse vitu usivyovijua."

Sikugusa! Na jibu lilikuwa mbele ya macho yake. Kabla ya ile buluu, Dell huandika kwa herufi nyeupe "Time-of-day not set" na kukutaka ubonyeze F1 uendelee au F2 urekebishe. Siku aliyoniuzia diski alilipita onyo hilo kwa F1 bila hata kulisoma, kama mtu anavyofukuza nzi. Tarehe kwenye BIOS ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Mashine ikisahau tarehe, imesahau na mipangilio mingine, na Dell nyingi za umri huu zikisahau hurudi RAID On. Windows iliyowekwa kwa AHCI ikaamshwa kwenye RAID haiioni diski yake. Diski ni nzima, Windows ni nzima.

Mkosaji ni betri ndogo ya CMOS, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, CR2032 ya volti 3. Betri kubwa ya laptopu nayo ilikuwa imechoka, kwa hiyo ukichomoa chaja tu BIOS haina pa kupata chakula. Dukani chaja haitoki siku nzima, ndiyo maana pale inawaka mara kumi na nyumbani inakataa. Fundi wa Kampala, mji unaokatikiwa umeme, alipaswa kuwaza hili kabla ya kuuza SSD. Ingawa, kusema haki, AHCI ni chaguo sahihi. Kuacha RAID On kungeficha ugonjwa tu, na saa ingeendelea kupotea, na tarehe ikipotea kivinjari hukataa kufungua tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake si halali.

Ukikutwa na hili usiweke Windows upya, na Startup Repair, kile kirekebishi cha Windows, iache. Ingia F2, tazama tarehe kwanza, SATA baadaye. Chomoa chaja, toa betri kubwa, fungua kifuniko cha chini. Betri ya CMOS imevikwa plastiki, ina waya mbili zinazoishia kwenye plagi ndogo. Ipime kwa mita: mpya husoma 3 au zaidi kidogo, yangu ilisoma 1.9. Nunua iliyo tayari na waya, na uhakikishe nyekundu na nyeusi zimekaa upande uleule kwenye plagi. Usikubali mtu achomelee waya juu ya betri kwa pasi ya risasi, joto huiharibu. Bei yake ni kama rolex mbili, zile chapati za mayai za kando ya barabara.

Ukishaifunga, weka tarehe, SATA iwe AHCI, Boot List iwe UEFI. Ikisema "No bootable device found", chagua Add Boot Option na uielekeze kwenye \EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi. Faili hilo likiwa halipo, washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10, na kwa amri ya diskpart lipe lile fungu dogo la FAT32, linalobeba faili za kuwasha, herufi S, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Angalia kwanza kama Windows iko C kweli, kwa sababu ukiwasha kwa flashi herufi huhama. Mwisho ichomoe kila kitu, iache saa nzima bila umeme, uiwashe. Saa ikiwa sawa, umepona.

Yangu imepona. Nilirudi dukani kudai hela ya SSD, tena kwa upole, nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Basi nipeni diski yangu ya kwanza, ile mliyosema imekufa. Wakatazamana. Eti zilizokufa hutupwa. Nyota moja.