Kupima moshi wa Lubumbashi kwenye vichujio: uzoefu wangu na maabara ya kulipia

Kwa wenzangu wa Lubumbashi wanaotaka kujua ndani ya moshi wa jioni mna nini, naieleza huduma niliyoilipia. Ni maabara ya Afrika Kusini inayopokea vichujio vya hewa na kupima hidrokaboni za aromatiki zenye pete nyingi, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni zilizoungana kama pete. Hizo hutoka kwenye chochote kisichoungua vizuri: kuni, makala, majani, taka, dizeli. Iliyonisukuma zaidi ni mojawapo yao, benzo(a)pireni, ambayo IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Nimeridhika, na sababu kubwa ni kwamba ripoti yao inaonyesha namba zilivyopatikana, hata asiyewaamini anaweza kuzikagua.

Walianza kwa kutuma vichujio vya kwatzi vilivyokwisha kuchomwa kwenye tanuri kwa joto kali, ili mabaki ya kikaboni yaishe kabla ya kazi. Kila kimoja kilikuwa ndani ya foili. Pampu yetu huvuta lita 16.7 kwa dakika, yaani mita za ujazo 24 kwa siku nzima umeme usipokatika. Umoja wa Ulaya umeweka lengo la nanogramu 1 ya benzo(a)pireni kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Hewa inayolingana na lengo hilo ingeacha nanogramu 24 tu kwenye kichujio kizima! Mkono uliotoka kuwasha mbabula, jiko letu la makala, unatosha kuharibu kipimo. Ndiyo maana walidai vichujio vitupu, vinavyobebwa hadi kwenye pampu na kurudishwa bila kuvuta hewa, navyo vikapimwa kama vingine.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kromatogramu zenyewe, yaani michoro ya mashine ambamo kila kemikali huonekana kama kilele, ambazo waliziambatanisha bila kuombwa. Benzo(a)pireni, benzo(e)pireni na perileni zina uzito mmoja wa molekuli, 252, kwa hiyo spektrometa ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, peke yake haiwezi kuzitofautisha. Kazi hiyo ni ya safu ya kromatografia ya gesi: mrija mwembamba wa mita 30 ambamo kila moja hupita kwa mwendo wake na kutoka kwa dakika yake. Kwenye karatasi niliona vilele vitatu vimeachana wazi. Maabara inayokupa jedwali tupu inakunyima haki ya kuona jambo hilo.

Kabla ya kuloweka vichujio kwenye kiyeyushi cha diklorometani ili kutoa hidrokaboni, waliongeza hidrokaboni zilezile zenye deuteri, yaani hidrojeni nzito, badala ya hidrojeni ya kawaida, kisha wakaandika ni asilimia ngapi ya hizo ilirudi mwishoni, ili ijulikane kiasi kilichopotea njiani. Pamoja na sampuli zetu walipima vumbi la marejeo la NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, lililokusanywa Washington katika miaka ya 1970, ambalo viwango vyake vinajulikana. Naftalini hawakuitolea namba, wakaeleza kwamba sehemu yake kubwa ni gesi na hupita kwenye kichujio. Hapo ndipo walipopata imani yangu.

Kasoro zipo. Bei inauma, na ripoti ilikuja kwa Kiingereza peke yake, ikabidi tuitafsiri kwa Kifaransa kabla ya kuwaonyesha wakubwa wa mtaa. Usafirishaji nao ulitusumbua, maana sanduku lilikaa forodhani hadi barafu ikayeyuka. Maabara iliandika joto la sanduku siku ya kulipokea na kutia alama kwenye matokeo ya molekuli nyepesi, zile zinazoruka upesi. Wangeweza kukaa kimya, hawakukaa. Ukituma, fuatana na mtu anayejua forodha, na usiruhusu vichujio vikae kwenye mwanga, kwa kuwa benzo(a)pireni huharibika juani.

Ninachowadai bado ni levoglukosani. Hiyo huzaliwa selulosi inapoungua, kwa hiyo moshi wa kuni na wa majani unayo kwa wingi, ila wa makala unayo kidogo sana kwa sababu selulosi iliisha kwenye tanuri la mchoma makala. Kwa mji wetu kipimo hicho kingesaidia kutenganisha moto wa porini wa kiangazi na majiko ya uani. Wanaipima, lakini kwa malipo ya pembeni, maana lazima igeuzwe kikemia kwanza ndipo ipite kwenye safu. Ningependa iwe ndani ya bei moja. Vichujio vya kiangazi kijacho nitaviagizia vipimo vyote viwili.