Kijimfuko cha vifaa vya kurekebishia gita: mpiga besi achukue nini, aache nini

Ukiagiza besi mpya mtandaoni, chini ya picha yake hakukosi kijimfuko cheusi cha zipu chenye vifaa ishirini na kitu. Hakina jina la kampuni, na mara nyingi bei yake haifikii hata seti moja ya nyuzi nzuri za besi. Tatizo ni kwamba aliyekipanga alikuwa akimfikiria mpiga solo. Kwenye besi ya kawaida uzi una inchi 34 (mm 864) toka kichwani hadi kwenye briji (pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gita), uzi wa E una unene wa inchi .105, na nyuzi nne zikishakazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 80. Vingi vya mfukoni humo havikutengenezwa kwa kazi ya namna hiyo.

Chenye thamani kuliko vyote ni fila geji, vile vibapa vyembamba 32 vya kuanzia mm 0.04 hadi 0.88. Mafundi magari wanaijua vizuri, ndiyo ya kusetia tapeti, kwa hiyo anayeitaka peke yake ataipata kwenye maduka ya spea, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Kwa besi inapima upinde wa shingo, yaani shingo inavyopinda kidogo kwa mvuto wa nyuzi. Funga kapo (kibanio kinachobonyeza nyuzi zote) kwenye freti ya kwanza, yaani kile kijichuma cha kwanza kinachokata shingo, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, halafu pitisha kibapa kati ya uzi na freti ya saba. Kampuni ya Fender inashauri inchi .012, yaani mm 0.3, kwa ubao wa freti wenye mviringo (nusu kipenyo cha duara la uso wake) wa inchi 9.5 hadi 12. Kibapa cha 0.30 kipite kikiugusa uzi kidogo tu. Kikiunyanyua uzi, upinde ni mdogo kuliko huo. Kikipita bila kugusa popote, ni mkubwa. Wengi hukosea kwa kupima gita likiwa limelala chali mezani, shingo imeegemezwa kwenye kitu. Liweke kama linavyopakatwa, nyuzi zikiwa zimeshatyuniwa E, A, D, G, ndipo upime. Mfuko usipokuwa na kapo, mtu mwingine akubonyezee freti ya kwanza.

Sasa alenki, zile funguo za pembe sita, na hapa ndipo mfuko unapoweza kumtia mtu hasara. Besi za Fender za Marekani hufuata inchi. Ibanez na Yamaha ni milimita. Mifuko mingi ina seti moja tu. Alenki ya inchi 3/16 ni mm 4.76. Ukiitia kwenye tundu la mm 5 itaingia, utahisi imekaa, ila ina mchezo wa robo milimita, na ukikaza kwa nguvu inakula pembe za nati. Nati ya nondo ya shingoni (chuma kilichomo ndani ya shingo kushindana na mvuto wa nyuzi) ikishaliwa pembe, kuitoa ni kazi ya fundi mwenye mashine, na kwa besi ya bei ndogo gharama hiyo inakaribia kununua shingo nyingine. Mkasa ni huohuo kwenye viskrubu vya kunyanyulia nyuzi kwenye briji: vya inchi .050 ni mm 1.27, vya besi nyingi za Asia ni mm 1.5, na chuma chake ni laini. Kipimo sahihi huingia hadi mwisho wa tundu na hakichezi. Alenki za mfukoni nazo ni laini, ncha hujikunja mapema. Nunua seti mbili za chuma kigumu, ya milimita na ya inchi, duka la vifaa vya ujenzi. Lakini angalia kwanza kwenye boksi la besi yenyewe, maana mara nyingi alenki yake imo, na watu huitupa pamoja na makaratasi.

Kuzungusha nondo hakuhitaji haraka. Ukikaza kuelekea kulia, shingo hunyooka na upinde hupungua. Ukilegeza, nyuzi huivuta na upinde huongezeka. Usizidishe robo mzunguko kwa mara moja. Kabla ya kukaza, legeza nyuzi kidogo ili nati isipambane na mvuto wote, kisha tyuni upya na upime tena. Mbao huchelewa kutulia, kwa hiyo rudia kipimo kesho yake. Nati ikigoma, acha. Music Man StingRay haihitaji alenki hapo kabisa: ina gurudumu lenye matundu mwisho wa shingo, unalizungusha kwa bisibisi nyembamba. Besi iliyotoka kiwandani ikatua Tanga au Mombasa wakati wa masika itasogea tu, hivyo usiirekebishe siku ileile inapofunguliwa.

Rula ya chuma iliyomo ni nzuri kwa kupima nyuzi ziko juu ya freti kiasi gani. Kwa mviringo huohuo wa inchi 9.5 hadi 12, Fender hupima kwenye freti ya 17: mm 2.4 upande wa E, mm 2 upande wa G. Upinde uwe umeshakamilika, la sivyo utanyanyua nyuzi kutibu kosa la shingo. Zile geji za nusu duara za kuangalia kama nyuzi zimefuata mviringo wa ubao nazo zinafaa.

Kizungushio cha kubadilishia nyuzi hakifai. Mdomo wake umekatwa kwa funguo ndogo za gita la solo, na masikio mapana ya funguo za besi hayaingii. Koleo lake dogo la kukatia litajikwaa kwenye kiini cha chuma cha uzi wa E na kubaki na pengo kwenye meno. Tumia koleo la fundi umeme. Na kabla ya kukata uzi wa besi, ukunje kwanza pembe mraba pale utakapokata, la sivyo waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini na uzi ukabaki unalia kama umekufa. Kichomoleo cha pini ni cha gita la akustika, besi ya umeme haina pini hizo. Tupa vile vijisindano vya kuchongea mifereji ya kichwani. Vimepimwa kwa nyuzi nyembamba, na mfereji ukizidi kina haurudi.

Fedha iliyobaki ipeleke kwenye tyuna. Uzi wa E wazi uko kwenye hezi 41.2, na tyuna nyingi za kubana kichwani huyumba hapo, namba zikirukaruka. Njia ya kuzisaidia ni kupiga hamoniki ya freti ya 12 (unaugusa uzi kidogo tu juu ya freti bila kuubonyeza), ambayo iko oktavu moja juu. Tyuna ya kukanyaga ya Boss TU-3 inasoma kuanzia C0, noti iliyo chini zaidi ya hiyo E, kwa hiyo hata B ya besi ya nyuzi tano haiisumbui, na inakata sauti unapotyuni katikati ya ibada au shoo. Kwa kusogeza vikalio vya briji (vile vinavyobeba kila uzi), ili uzi utoe sauti sahihi kwenye freti zote, unaihitaji tyuna thabiti: sauti ya kubonyeza freti ya 12 ikiwa juu kuliko hamoniki yake, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo, ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya.

Mkanda uwe na upana wa sentimita 7 au zaidi, kwa sababu besi nyingi zina uzito wa karibu kilo 4. Nunua na kufuli za mkanda. Zile za Schaller ni imara. Mafuta ya limau ni ya ubao wa freti usiopakwa vanishi, matone machache mara moja au mbili kwa mwaka. Ubao wa mepo wenye vanishi haunywi kitu. Kama besi ni aktivu, yaani ina saketi ya betri ndani, weka betri ya volti 9 ya akiba kwenye begi, na ukimaliza kupiga chomoa jeki kwenye gita. Jeki ikiachwa humo usiku kucha, saketi inabaki imewaka na betri inaisha.